Thor, Babu wa Baba Yake

Hadithi nyingi za Thor, mungu wa ngurumo wa watu wa kale wa Skandinavia, na mashine ya wakati ninazoletewa nizipitie zina mwanzo mmoja. Mhandisi wa karne ya 25 anapata ajali ya mitambo, anadondokea Norwei ya karne ya 8 akiwa na silaha ya umeme mkononi. Wavuvi wanamwona akipasua mti kutoka mbali, wanapiga magoti, wanamchinjia mbuzi. Ukurasa wa mwisho tunaambiwa kwamba mhandisi huyo alikuwa akiitwa Thorsten, au Thorne, au hata Theodore, na msomaji anatakiwa ashike mdomo kwa mshangao.

Kazi yangu ni maandishi ya Iceland ya zama za kati, na miswada hii hunifikia kwa sababu wenyewe wanataka kujua kama miungu wao wamekaa sawa. Mara nyingi hawajakaa sawa, lakini hilo hurekebishika. Unafuta kofia zenye pembe, unampa Thor ndevu nyekundu za kwenye masimulizi badala ya nywele za dhahabu za kwenye sinema, maisha yanaendelea. Kisichorekebishika ni msuko wa hadithi wenyewe. Ni wa zamani mno, na aliyeutumia zamani hizo alikuwa na sababu ambayo mwandishi wa leo hana.

Nenda kwa Snorri Sturluson. Huyu alikuwa tajiri na mwanasiasa wa Iceland, mara mbili msemaji wa sheria katika bunge la nchi, mtu wa magomvi makubwa, ambaye mwaka 1241 aliuawa nyumbani kwake Reykholt na kundi la mtu aliyewahi kuwa mkwewe. Takriban mwaka 1220 aliandika Edda, mwongozo wa washairi vijana. Mashairi ya mababu yalijaa mafumbo, dhahabu ikiitwa nywele za Sif, mke wa Thor, mbingu ikiitwa fuvu la Ymir, jitu la mwanzo wa dunia, na asiyewajua miungu hao wa kale angesoma asiambulie kitu. Sasa Snorri alikuwa Mkristo, mwana wa nchi iliyopokea Ukristo zaidi ya miaka 200 kabla ya kitabu hicho. Angewasimulia vipi miungu wa kipagani bila kuonekana anawaabudu, na bila kuwafanya mababu zake wajinga?

Akapata njia. Katika utangulizi wa Edda anasema hao hawakuwa miungu, walikuwa watu waliotoka Troy, mji wa kale uliopigana na Wagiriki. Mfalme mmoja aitwaye Munon alimwoa binti ya Priam, mfalme wa Troy, wakazaa mwana aliyeitwa Tror, na Tror ndiye tunayemwita Thor. Alilelewa Thrakia, nchi ya kaskazini mwa Ugiriki. Alipotimiza miaka 12 nguvu zake zote zilikuwa zimemjaa, akawa anainua ngozi 10 za dubu kwa mkupuo mmoja. Vizazi vingi baadaye wazao wake wakahamia kaskazini kupitia nchi za Wajerumani, na kila walipopita palikuwa na neema na amani, na kwa uzuri na maarifa yao wenyeji wakawaona wanafanana na miungu kuliko watu.

Ondoa Troy, weka karne ya 25. Ni msuko ule ule: mgeni aliyewazidi wenyeji maarifa anadhaniwa kuwa mungu. Mwenzake wa Denmark, Saxo Grammaticus, aliyeandika miaka michache kabla, alikuwa mkali zaidi. Kwake Odin, mkuu wa miungu hao, na Thor walikuwa wachawi waliowapumbaza watu kwa kiini macho. Wote wawili walikuwa na haja. Saxo alitaka kuwashusha, Snorri alitaka kuwaokoa kwa kuwashusha kidogo. Mwandishi wa leo anamshusha Thor kutoka umungu hadi uhandisi, na nikimuuliza anapata nini hapo, hana jibu zaidi ya kwamba ndivyo hadithi za kisayansi zinavyofanya.

Halafu kuna suala la wale wavuvi. Nasoma habari za watu wa kaskazini mwaka hadi mwaka na siwaoni wakipiga magoti hovyo. Kitabu cha masimulizi ya makazi ya Iceland kinamtaja Helgi aliyeitwa Mwembamba, ambaye alimwamini Kristo lakini akisafiri baharini au akikabili jambo zito alimwomba Thor. Shamba lake akaliita Kristnes. Huyo ni mtu anayegawa kazi kati ya miungu kadiri ya ujuzi wao. Katika makumbusho ya taifa ya Denmark kuna kalibu ya jiwe la sabuni, ya karne ya 10, iliyopatikana Trendgården. Fundi wake alichonga ndani ya jiwe moja nafasi za misalaba na nafasi ya nyundo ya Thor. Mteja aje na imani yake, fundi ana bidhaa. Hirizi za nyundo zimepatikana kwa mamia, na moja iliyochimbuliwa katika kisiwa cha Lolland mwaka 2014 ina maandishi ya runi, herufi za kale za kaskazini, yanayosema “hii ni nyundo”, na mchongaji karuka herufi. Sijui tungehitaji uthibitisho gani zaidi kwamba hawa walikuwa watu kama sisi.

Na ninachokipenda kuliko vyote ni kisa cha bungeni, Þingvellir, kiangazi kile walichokuwa wakibishana kama nchi iwe ya Kikristo. Mtu alikuja mbio akasema mlima umelipuka, moto wa ardhini unaelekea shamba la chifu mmojawapo. Wapagani wakasema si ajabu, miungu wamekasirishwa na maneno yanayosemwa hapa. Chifu mwingine akauliza: na hapa tuliposimama, ardhi hii ilipokuwa inaungua, miungu walikuwa wamekasirishwa na nini? Walikuwa wamesimama juu ya lava iliyopoa zamani, kabla binadamu hajafika kisiwani. Mtu mwenye akili hiyo humtishi kwa kupasua mti.

Poul Anderson, mwandishi wa Kimarekani wa hadithi za kisayansi, alilielewa hili mapema. Mwaka 1956 aliandika kisa cha mwanajeshi wa Kimarekani wa kambi ya Keflavík aliyepigwa na radi akajikuta katika Iceland ya mwishoni mwa karne ya 10. Anayesimulia ni mwenyeji, mzee mwenye shamba, na kwa macho yake tunaona jinsi maarifa ya mgeni yasivyomsaidia kitu. Anajua injini lakini hakuna zana za kuitengenezea hata kipande chake kimoja. Hajui kazi za shamba, hajui desturi ya fidia ya damu, na silaha yake ya kisasa inamwingiza katika kesi ya mauaji badala ya kumpandisha cheo. Hakuna anayemwita mungu. Wanamhurumia, basi. Waandishi wangu wengi wangepaswa kukisoma kisa hicho kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Na angalia kwamba radi pale ni chombo tu cha usafiri. Radi zenyewe ni nadra Iceland, ndiyo maana inashangaza, na ndiyo maana Thor wa wahamiaji wa kule alikuwa zaidi Thor wa bahari na wa mashamba kuliko wa ngurumo.

Sasa turudi kwa Snorri, kwa maana katika kuwaokoa miungu wake aliacha fundo ambalo nashangaa wapenzi wa safari za wakati hawajalivamia.

Utangulizi ule unaendelea na orodha ya wazao wa Thor wa Troy. Majina yanafuatana, mwana baada ya mwana, yapo zaidi ya 15, na mwisho wa orodha anazaliwa Odin. Kwa hiyo Odin ni mjukuu wa mbali wa Thor. Fungua kurasa chache mbele, sehemu inayoitwa Gylfaginning, na Snorri anakuambia kwa utulivu kabisa kwamba Thor ni mwana wa Odin, aliyezaliwa na Jörð, yaani Ardhi. Kitabu kile kile, mtu yule yule. Thor ni babu wa baba yake.

Wanazuoni wana maelezo yao na ninayakubali. Snorri alishona vitambaa viwili pamoja: nasaba za wasomi wa Ulaya, ambao kila mmoja wao alitaka mfalme wake atokane na Troy, na simulizi za kwao kaskazini. Mshono unaonekana. Lakini Snorri mwenyewe hakuwa mjinga, na mwishoni mwa Gylfaginning anaweka jambo la ajabu. Wale wahamiaji kutoka mashariki, baada ya kusimulia habari zote za miungu wa kale, wanakaa baraza, wanajadili, kisha wanajigawia majina yaliyomo katika habari hizo, ili miaka mingi ikipita watu wasije wakatilia shaka kwamba wao na wale wa kwenye simulizi ni hao hao. Mmoja akaitwa Thor. Naye akabandikwa matendo makubwa ambayo Hektor aliyafanya kule Troy.

Soma hilo tena polepole. Kundi la watu linakaa na kuamua kujivika utambulisho wa watu wa wakati mwingine, kwa makusudi, kwa kuhesabu kwamba muda ukipita hautabaki ushahidi. Unataka hadithi ya kisayansi gani tena? Hapo huna haja ya silaha ya umeme. Una kikao, una orodha ya majina, na una mtu mmoja ambaye anapewa jina la Thor bila kujua, au akijua vizuri, kwamba damu ya huyo Thor ndiyo iliyomzaa.

Hadithi za safari za wakati, ukiziangalia kifundi, zinagawanyika mapema sana katika uamuzi mmoja: je, yaliyopita yanabadilika? Ukisema yanabadilika, unapata kitendawili cha yule anayemuua babu yake kisha asizaliwe, na kazi yako yote ni kuzuia nyumba isikuangukie. Ukisema hayabadiliki, msafiri akirudi nyuma hufanya yale yale ambayo tayari yalikuwa yamefanyika, na uchungu wa hadithi unatoka kwenye kujua. Dini ya kale ya kaskazini iko upande huu wa pili kwa miguu yote miwili. Völuspá, shairi linalofungua hati kuu ya mashairi ya miungu iliyoandikwa Iceland karibu mwaka 1270, ni maneno ya mwaguzi wa kike anayemsimulia Odin mwanzo wa dunia na mwisho wake kwa sauti moja, kana kwamba vyote vimekwisha tokea. Mwisho wa Thor umo. Siku ya Ragnarök, vita vya mwisho wa dunia, atakutana na Joka la Midgard, nyoka anayeizunguka dunia, ataliua, kisha atapiga hatua tisa na kuanguka, kwa sumu. Tisa. Imeshahesabiwa.

Na Thor anaambiwa wazi kwamba mambo yatakuwa mabaya. Katika shairi la Lokasenna, Loki, yule mjanja mchochezi anayeishi nao, anawatukana miungu mmoja mmoja karamuni, na Thor akiingia kwa vitisho Loki anamwambia: hutakuwa na ushujaa huo siku ya kupambana na mbwa mwitu, atakapommeza Odin mzima mzima. Angalia jibu. Thor haulizi lini, haulizi kwa nini, hasemi tutafanyaje. Anamwambia anyamaze au nyundo itamnyamazisha. Waandishi wengi wangelisoma hilo kama ujinga wa mtu wa misuli. Mimi nalisoma kama msimamo wa mtu aliyeamua kwamba habari za kesho hazina kazi kwake.

Odin alishapata hadithi yake ya safari ya wakati iliyosimama. Ni ya Anderson tena, ya mwaka 1983: mtafiti wa masimulizi ya kale anasafiri kwenda kwa Wagothi wa karne ya 4, anapenda, anazaa, wajukuu wake wanamheshimu kama Odin, na siku inafika ambapo simulizi iliyohifadhiwa inadai Odin awasaliti, naye hana budi kuwa huyo Odin. Inafaa kwa Odin, kwa kuwa Odin ni mzururaji, mwenye majina mengi, anayejua mwisho na bado anatafuta habari zaidi. Thor ameishia kwenye vichekesho vya picha na sinema, si vibaya, lakini tangu Novemba 1962, pale alipopewa adui kutoka karne ya 23 na kumfuata huko kwa kuzungusha nyundo, nyundo imekuwa teksi. Ipo sehemu moja ya Avengers: Endgame ya 2019 ambayo ningeitetea mbele ya wenzangu wanaodharau sinema hizo. Thor anarudi nyuma hadi siku ambayo mama yake atakufa. Mama anatambua mara moja kwamba huyu ametoka mbele. Thor anataka kumwonya, mama anamkataza, kisha wanazungumza mambo mengine. Hakuna kinachobadilishwa. Dakika chache hizo zinakaribia zaidi mashairi ya kale kuliko vita vyote vinavyofuata.

Kwa hiyo ukitaka Thor wa safari za wakati aliye Thor kweli, usianze na umeme. Anza na visa ambavyo ndani yake anashughulika na wakati wenyewe, na vipo.

Cha kwanza ni mbuzi. Thor ana mabeberu wawili wanaovuta gari lake, na njiani akilala kwa watu huwachinja wote wawili, wakapikwa, watu wakala. Siku moja amefikia kwa mkulima mmoja yeye na Loki. Ametandaza ngozi mbali kidogo na moto na kuwaambia wenyeji watupie mifupa juu ya ngozi. Kijana wa nyumba ile, Þjálfi, anapasua mfupa wa paja kwa kisu ili apate uboho. Alfajiri Thor anaamka, anavaa, anainua nyundo na kuzibariki zile ngozi, na mbuzi wanasimama. Mmoja anachechemea mguu wa nyuma. Thor anaikamata nyundo hadi vifundo vya vidole vinakuwa vyeupe, mkulima na mkewe wanalia na kuomba msamaha, na malipo yanakuwa watoto wao wawili, Þjálfi na dada yake Röskva, kuwa watumishi wa Thor tangu siku hiyo.

Siku inayojirudia, nyama inayorudi kuwa mnyama kila asubuhi, hiyo inajulikana katika hadithi za kisayansi hadi imechosha. Lakini ona Snorri alivyoiwekea sheria. Kila kitu kinarudi isipokuwa kilichovunjwa. Kovu linavuka. Ukiwa na chombo kinachorudisha wakati nyuma na ukaamua kwamba majeraha ya mfupa hayafutiki, tayari una gharama, una siri ya nani aliyevunja, una ushahidi unaotembea kwa kuchechemea mbele ya kila mtu. Na una mtoto aliyefanya kosa dogo la njaa akalilipia kwa maisha yake yote. Hapo ningekaa kurasa 40 bila kuchoka.

Cha pili kinafuata safarini humo humo. Thor, Loki na wale watoto wanafika kwenye ngome ya Útgarða-Loki, jitu mfalme, ambaye anawatia katika mashindano. Loki anashindwa kula. Þjálfi anashindwa mbio. Thor anapewa pembe ya kunywea, anavuta mara tatu, na kinywaji kimepungua kidogo tu. Anaambiwa amnyanyue paka wa nyumba, anafanikiwa kuinua unyayo mmoja. Kwa hasira anasema aje mtu yeyote apigane naye mieleka. Útgarða-Loki anatazama huku na huku, anasema hapa hakuna mwanamume atakayeona huo ni mchezo wa hadhi yake, ila nendeni mkamwite yule bikizee, mlezi wangu Elli. Anaingia ajuza. Wanashikana. Kadiri Thor anavyokaza ndivyo bibi anavyosimama imara zaidi, kisha bibi naye anaanza kutumia ufundi, miguu ya Thor inalegea, na baada ya vuta nikuvute kali anaanguka kwa goti moja. Mfalme anaingilia, anasema yatosha.

Asubuhi, wakiwa nje ya ngome, Útgarða-Loki anamweleza. Loki alishindana na moto. Þjálfi alikimbizana na wazo. Ncha ya pembe ilikuwa baharini, na pale maji yanapokupwa watu wataona alichokunywa. Paka alikuwa Joka la Midgard, na alipoinua unyayo wote waliokuwamo waliogopa. Na Elli ni Uzee. Hakuna aliyewahi kuwapo, anasema, wala hatakuwapo, ambaye akiishi hadi kumfikia hataangushwa naye. Thor ananyanyua nyundo apige. Hayupo mtu, hapana ngome, kuna uwanda mpana tu wenye majani.

Thor alipigana na wakati kwa mikono mitupu, bila kuambiwa ni nani, na akaangushwa kwa goti moja. Si chini kabisa. Katika hadithi zote za kisayansi nilizosoma sijakutana na mashine ya wakati iliyoelezwa vizuri kama bibi yule. Kadiri unavyosukuma ndivyo anavyosimama. Naona ndicho Snorri alichokieleza kwa mieleka: nguvu unayoitumia kubadilisha kilichokwisha kuwa ndiyo inayokizuia. Na kama msafiri wako ni Thor, basi tukio la mieleka ndilo ajali yake, siyo mitambo iliyolipuka. Ameguswa na Uzee akabakia mzima. Tangu hapo ana uhusiano usio wa kawaida na miaka. Hiyo ni tafsiri yangu, haimo katika Edda, lakini ni tafsiri inayoanzia ndani ya Edda.

Kisa cha tatu nakipitia haraka. Kibete Alvíss, ajuaye yote, amekuja usiku kumchukua binti wa Thor aliyeahidiwa kuozwa. Thor, ambaye kila mtu anadhani ana misuli tu, anamuuliza maswali 13: dunia inaitwaje katika kila ulimwengu, mbingu, mwezi, jua, mawingu, mpaka pombe. Kibete anajibu kwa fahari, hajui kwamba kinachotakiwa si majibu. Jua linachomoza ukumbini na anageuka jiwe. Mwenye nyundo ameshinda kwa kupoteza muda. Mwandishi anayetaka Thor mwerevu asiseme hakuna chanzo.

Sasa nyundo. Katika shairi liitwalo Vafþrúðnismál kuna ubeti unaosema kwamba moto wa mwisho ukizimika, wana wa Thor, Móði na Magni, watakuwa na Mjölnir, nyundo ya baba yao. Thor hatakuwapo. Nyundo itakuwapo. Katika ulimwengu huo wote wenye mwisho uliopangwa, hicho ni mojawapo ya vitu vichache vinavyovuka kwenda upande wa pili, na majina ya wana hao, Moda na Magi, yanaonekana pia katika ile orodha ya wazao wa mtu wa Troy, vizazi kadhaa kabla ya Odin. Msomi atakuambia majina yamevutwa kutoka huko kuletwa huku. Mtunzi wa hadithi hana sababu ya kumsikiliza. Wana wamepokea nyundo baada ya mwisho wa dunia, na wana hao hao wako Thrakia kabla ya baba wa Thor kuzaliwa. Nyundo imefikaje?

Sifa zake zinajulikana. Snorri anasema ikirushwa haikosi, na haitaruka mbali kiasi cha kutorudi mkononi, na ukitaka inakuwa ndogo hata uifiche ndani ya shati. Ina kasoro moja, mpini mfupi. Vibete ndugu wawili waliifua kwa sababu ya dau waliloweka na Loki. Mmoja alikuwa kwenye mivukuto, ameambiwa asiache kupuliza hata kidogo. Loki akajigeuza nzi, akamuuma mkononi, kisha shingoni mara dufu, kisha kwenye kope hadi damu ikaingia machoni. Kibete alipoona haoni, alimpunga yule nzi kwa mkono mmoja, upesi upesi, na mivukuto ikalala. Mpini ukatoka mfupi.

Saxo ana maelezo mengine kabisa. Kwake silaha ya Thor ni rungu, na mpini ulikatwa vitani kwa upanga wa Hother, shujaa aliyepigana na miungu, na hapo ndipo miungu walipokimbia. Wanazuoni husema ni simulizi mbili tofauti za kueleza kasoro moja iliyokuwa inajulikana na wote.

Lakini tuseme nyundo inazunguka. Inafuliwa, inatumika, inavuka Ragnarök mikononi mwa wana, inarudi nyuma pamoja nao, inatumika tena. Chuma kinachozunguka hivyo kinachakaa, na palipovunjika hapafutiki, sheria ile ya mfupa wa mbuzi. Msafiri anayeiona mara ya kwanza anaona mpini mfupi kwa ajili ya nzi. Anayeiona mara ya pili, mbele zaidi katika maisha ya nyundo ingawa huenda ni nyuma zaidi katika kalenda, anaona mpini mfupi zaidi, na kovu la upanga. Kwa hesabu hiyo Snorri na Saxo wote wawili wamesema kweli, na mhusika wangu angetembea na rula. Kila akikutana na Thor, Troy au Uppsala au kwenye meza ya mkulima yule, kabla ya salamu angetazama mpini umebaki urefu gani, ajue amemkuta Thor yupi.